Msimamo Wetu, Miguu Yako

Leo naomba tuanze na neno moja dogo ambalo naamini limevuruga nyumba nyingi kuliko hata zile meseji za saa sita usiku. Neno lenyewe ni "tumeamua". Linasemwa kwa wingi, lakini ukichunguza vizuri utakuta aliyeamua ni mmoja na atakayelipa ni mwingine. Tumeamua mama ahamie kwetu. Sawa, ni jambo jema, ila nani ataamka saa kumi na moja alfajiri kumwogesha mama? Tumeamua gari tuuze. Haya, na nani atagombania daladala na mtoto mgongoni?

Somo hili nimelipata mkoani Mara, na limenijia kwa njia ya riadha. Subiri kwanza, usikimbilie ukurasa wa mitindo.

Nilikuwa Bunda kwa rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa sekondari. Yeye na mumewe walikutana uwanjani enzi za chuo cha ualimu. Dada alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na tangu shuleni alishafika mpaka UMISSETA. Kaka alikuwa ndiye mshika saa. Mpaka leo shemeji hujigamba kwamba yeye alianza kupenda muda wake, halafu ndiyo akapenda sura. Baadaye shemeji aliacha chaki akaingia kwenye uhasibu, akapata kazi kwenye ofisi moja ambayo jina lake halituhusu. Miaka miwili iliyopita aliambiwa atie saini risiti za vitu ambavyo havijawahi kufika stoo. Akakataa. Akabembelezwa, akakataa. Akatishwa, akakataa. Kazi ikaishia hapo.

Sifa alizopata msiniulize. Padri alimsifu, wazee wa ukoo walimsifu, hata baba mkwe ambaye si mtu wa maneno mengi alimpigia simu. Lakini kwa miaka hiyo miwili ni mshahara wa mwalimu mmoja uliobeba ada za watoto wawili, mkopo wa nyumba ambayo haijapauliwa, na mboga ya kila siku. Nafasi ya shahada ya uzamili aliyokuwa ameipata dada Mwanza ilikufa kimyakimya, kwa sababu mkwanja wa kulipia uligeuka unga na sukari.

Sasa tumekaa mezani, sato mzuri kabisa na ugali wa muhogo, shemeji akaanza kunisimulia kwa majivuno. "Unajua shemeji, mambo ya msimamo ni ya kwetu huku. Mwalimu wa Butiama alimzuia Bayi asiende Olimpiki, na dunia ilielewa." Rafiki yangu akaweka bakuli la mchuzi chini, taratibu kabisa, akasema: "Baba watoto, Bayi alishakimbia Christchurch kabla ya hapo. Mimi nimekimbia wapi?"

Hata watoto walisimamisha tonge hewani.

Kwa wale mliozaliwa miaka ya themanini na kuendelea, hapo mnaweza msione uzito wa jibu lile, kwa hiyo wacha niwarudishe nyuma. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 aitwaye Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alifanya kitu ambacho makocha wengi wanawakataza vijana wao. Kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola alichomoka mbele tangu mlio wa bastola, hakumsubiri mtu, na akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwepo kijana wa nyumbani pale, John Walker, ambaye naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini wa pili ni wa pili tu. Mei 17, 1975, huko Kingston, Jamaica, Bayi akachukua na rekodi ya maili moja, dakika 3:51.0. Walker akamjibu mwezi Agosti mjini Göteborg, Sweden, kwa dakika 3:49.4, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya 3:50. Mmeuona mchezo ulivyokuwa? Watu wakawa wanaisubiri Olimpiki ya Montreal 1976 kama sisi tunavyosubiri Simba na Yanga.

Pambano lile halikufanyika. Juni 16, 1976, polisi wa Makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Wiki chache baada ya damu ile, timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikuwa ikizunguka viwanja vya Afrika Kusini ikicheza na wenyeji kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zikataka New Zealand ifukuzwe Montreal. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kwamba raga siyo mchezo wa Olimpiki, hivyo haiwahusu. Basi zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusa. Tanzania ilikuwa mojawapo. Wengine walikuwa wameshafika Montreal, wameshapewa vyumba, wakafungasha mabegi na kurudi.

Julai 31 Walker alishinda ile mita 1,500 kwa dakika 3:39.17. Ukipiga hesabu ni sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Najua wajuzi wa riadha watanikatiza hapa: fainali za namna ile hukimbiwa kwa kuviziana, huwezi kulinganisha saa na saa. Ni kweli. Lakini nani alikuwa na kawaida ya kuharibu mbio za kuviziana kwa kutoka mbele tangu mwanzo? Wawili hao hawakuwahi kukutana kwenye Olimpiki hata siku moja.

Kesho yake asubuhi nikaondoka Bunda, nikapita Kiabakari kuelekea Butiama. Nilitaka kulitazama kaburi la mtu ambaye jina lake lilikuwa limetumika kama ngao usiku uliopita. Mwitongo ni mahali pa utulivu wa ajabu, mawe makubwa na miti, na ukisimama pale ni vigumu kumkasirikia mtu. Ila nilijaribu.

Msimamo wa Mwalimu Nyerere juu ya Makaburu haukuanza akiwa Ikulu, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 akapelekwa shule ya msingi Mwisenge, Musoma. Tanganyika aliyosomea ilikuwa na shule za aina tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila rangi na zake, mpaka zilipounganishwa baada ya Uhuru, kuanzia Januari 1962. Kwa hiyo hakuhitaji kusafiri kwenda Johannesburg ili aelezwe ubaguzi ni nini. Juni 26, 1959, Tanganyika ikiwa bado koloni, alisimama kwenye mkutano mjini London pamoja na Padri Trevor Huddleston (ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa askofu wa Masasi kwetu huku) na kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mkutano ule ndiyo uliozaa vuguvugu kubwa la Uingereza la kupinga ubaguzi. Mwaka 1961 akaandika kwenye gazeti la Observer la London kwamba Jumuiya ya Madola ikiibakiza Afrika Kusini, Tanganyika haitaingia. Afrika Kusini ikatoka mwaka huo huo.

Upande wa michezo nako kamba ilikuwa inakazwa. Afrika Kusini ilizuiwa kwenda Tokyo 1964. Mwaka 1968 ikaalikwa Mexico, nchi za Afrika zikatishia kutokwenda, mwaliko ukafutwa. Mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa kwenye familia ya Olimpiki. Makaburu walikuwa wagonjwa wa michezo, hasa raga na kriketi. Unaweza kumnyima mtu mkopo wa benki akatafuta kwingine, lakini ukimnyima mechi ya Jumamosi anaumia moja kwa moja moyoni. Kususia kulifanya kazi, mimi sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu uko kwenye upande wa risiti. Enzi zile riadha ilikuwa ya ridhaa. Hakukuwa na mshahara, hakukuwa na mkataba wa viatu wa kujengea nyumba. Medali ya Olimpiki ndiyo ilikuwa kila kitu cha mkimbiaji, jina lake, kazi yake ya baadaye, pensheni yake. Na inakuja mara moja kila miaka minne, wakati miguu ya kasi ile ina miaka michache tu ya kuishi. Serikali ilikuwa na msimamo. Bayi alikuwa na miguu.

Kutoka Butiama nikateremka Musoma mjini, nikakaa Mwigobero nikitazama mitumbwi. Pale nilikutana na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa Majita. Nilipomsimulia habari ya Bayi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanigomba kidogo. "Ninyi waandishi wa mjini mnamjua Bayi tu. Wa kwetu je?"

Wa kwao ni Suleiman Nyambui. Amezaliwa Majita mwaka 1953, umri mmoja na Bayi. Na kisa chake kina mambo ambayo hata mtunzi wa tamthilia angeogopa kuyaweka pamoja.

Kumbukeni Tanzania ya wakati ule ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 (naam, Musoma hii hii) lilikuwa limeweka utaratibu kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, aende kwanza kazini. Mkimbiaji mwenye kipaji aliyetaka kusoma na kukimbia kwa pamoja alitazama nje. Nyambui akaenda Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mpakani mwa Marekani na Mexico, kwa udhamini wa miguu yake. Kule mbio za vyuo ni jambo zito, uwanja unajaa, magazeti yanaandika. Alishinda ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 akaongeza na ubingwa wa mbio za nyika. Kijana wa ziwani akawa mfalme wa jangwani, na sisi huku tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa Arsenal!

Sasa chuo chenyewe kilikuwa na historia. Zamani kiliitwa Texas Western. Machi 19, 1966, kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo, kocha wake Don Haskins alianza na wachezaji watano, wote weusi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye fainali ile. Wapinzani wao, Kentucky, walikuwa weupe watupu. Texas Western wakashinda 72 kwa 65. Kama mmeiona filamu ya Glory Road ya mwaka 2006, ndiyo hiyo. Baada ya pale vyuo vya kusini mwa Marekani vilivyokuwa vikifunga milango kwa weusi vikaanza kuifungua kimoja kimoja. Kufungwa kunauma, unajua tena.

Filamu haiendelei mpaka miaka miwili mbele, na sehemu hiyo ndiyo iliyonikaa mimi. Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, wanariadha weusi wa chuo hicho hicho walikataa kwenda kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Utah, kinachomilikiwa na kanisa la Wamormoni. Wakati ule kanisa hilo lilikuwa haliruhusu mtu mweusi kupewa ukuhani. Chuo chao, kile kile kilichokuwa kikipigiwa makofi kwa mpira wa kikapu, kikawanyang'anya udhamini. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon. Oktoba 18 mwaka huo, huko Mexico, Beamon aliruka mita 8.90 na kuvunja rekodi ya dunia kwa zaidi ya nusu mita. Wale wenzake ambao hawakuruka mita 8.90 majina yao nani anayakumbuka? Lakini angalieni tofauti: wale vijana walisusa wenyewe. Walikaa, wakajadiliana, kila mmoja akajua anaweka nini mezani. Chuo kiliwaadhibu, ila hakuna aliyeweza kuwaambia "tumeamua".

Miaka kumi na kitu baadaye Nyambui anakimbia na jezi ya chuo hicho hicho. Mwaka 1981 ule ubingwa wa mbio za nyika aliokuwa ameuchukua ukaenda kwa mwenzake wa El Paso, Mathews Motshwarateu. Anatoka wapi? Afrika Kusini. Mtu mweusi wa Afrika Kusini. Yaani kijana wa Mara, ambaye rais wake alikuwa kinara wa kususia, alivaa rangi moja na kijana wa nchi inayosusiwa. Kwenye mbio za vyuo hilo liliwezekana. Kwenye mashindano ya mataifa isingewezekana hata kwa dawa.

Hapa ndipo penye uchungu wa hadithi yote, na ndipo naomba mtulie kidogo. Kususia kulifunga mlango kwa Mzungu wa Afrika Kusini, na kukaufunga pia kwa mweusi wa Afrika Kusini. Wanaharakati wa huko walikuwa na msemo wao: hakuna michezo ya kawaida kwenye jamii isiyo ya kawaida. Maana yake ukimruhusu mweusi mmoja hodari akimbie chini ya bendera yao, Makaburu watampiga picha na kuieleza dunia kwamba mambo kwao ni shwari. Hoja ni nzito, na mimi nakubaliana nayo. Lakini msikilizeni Sydney Maree. Alizaliwa mwaka 1956 karibu na Pretoria, akapata nafasi chuo kikuu cha Villanova, Pennsylvania, akawa mmoja wa wakimbiaji bora wa vyuo vya Marekani. Nyumbani hana haki ya kupiga kura kwa sababu ni mweusi. Nje hana haki ya kukimbia mashindano ya kimataifa kwa sababu ya pasipoti ya wanaomnyima kura. Alingoja mpaka alipopata ukaazi wa Marekani mwaka 1981 ndipo milango ikaanza kufunguka. Agosti 28, 1983, mjini Cologne, Ujerumani, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:31.24. Alipokuja kukimbia Olimpiki, Seoul 1988, alikuwa na miaka 32, jezi ya Marekani kifuani, akawa wa tano kwenye mita 5,000.

Yaani vita ilikuwa kwa ajili yake, na bili aliletewa yeye.

Je, walikosea? Nimezunguka na swali hili kuanzia Musoma mpaka nilipopanda basi la kurudi, na jibu langu ni hapana. Bila kususia, ubaguzi ungepata sura ya kupendeza kila Jumamosi kwenye televisheni. Ila kuna watu wanadhani jambo likishakuwa sahihi basi gharama yake inafutika. Haifutiki. Iko palepale, na kuna mtu ameishika mkononi anasubiri angalau aulizwe ni shilingi ngapi.

Mwalimu mwenyewe alikuja kufikishwa kwenye mtihani wa namna hiyo hiyo, ila safari hii kwa kugeuziwa. Mwaka 1980 Marekani, kwa kukasirishwa na majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan, ilitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Rais Jimmy Carter akamtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kutuomba tuungane nao, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, Februari. Ali! Bingwa wa mabingwa, mtu ambaye picha yake ilikuwa ukutani kwenye vinyozi vyote vya nchi hii. Watu walimshangilia, lakini Mwalimu hakumpokea. Aliulizwa swali moja tu lililomkaba: sisi tulipowaomba mtuunge mkono Montreal juu ya Afrika Kusini, ninyi mlikuwa wapi? Ali, kwa uungwana wake, alikiri hadharani kwamba jambo hilo hakuwa amelijua, na akasema wazi kwamba pengine ametumwa kazi ambayo si yake. Kenya ilisusa. Tanzania ikaenda.

Ndiyo maana Bayi akapata Olimpiki nyingine. Alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akatoka mbele kama kawaida yake, akapitwa mwishoni na Bronisław Malinowski wa Poland, fedha. Siku iliyofuata Nyambui wa Majita, mwanafunzi wa chuo cha Marekani ambaye wenzake Wamarekani wa chuo hicho walikuwa wamebakizwa nyumbani na serikali yao, alikimbia mita 5,000 akawa wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Fedha tena. Medali mbili za fedha, na mpaka Paris 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Na Wakenya je? Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikosa Montreal kwa uamuzi wa serikali yake na akakosa Moscow kwa uamuzi wa serikali yake. Amefariki mwaka 2024, na hakuwahi kukimbia Olimpiki. Mimi nikilifikiria hilo nakosa raha.

Turudi kwa wale wenzetu wa Bunda. Usiku ule watoto walipolala niliwaacha wenyewe barazani nikajifanya nina usingizi. Kuta zenyewe mnazijua, nikasikia. Rafiki yangu hakuwa anadai kwamba mumewe angetia saini. "Ungetia ningekudharau," alisema. Alichokuwa anadai ni kwamba siku ile shemeji alirudi nyumbani na habari iliyokwisha, akaitangaza kama matokeo ya mtihani, na tangu hapo hajawahi kuuliza hata mara moja ile nafasi ya Mwanza iliishia wapi. Shemeji alijitetea kwamba hapakuwa na muda, risiti ziliwekwa mezani saa nne na jibu lilitakiwa saa tano. "Na miaka miwili baadaye," dada akauliza, "nayo haikuwa na muda?"

Hapo shemeji alinyamaza muda mrefu. Nikasikia kiti kikiburuzwa, halafu akauliza kwa sauti ya chini sana ada ya ule mwaka wa kwanza ilikuwa kiasi gani. Dada akaitaja mpaka na mia za mwisho. Mtu hakumbuki hesabu namna ile kwa kitu alichokisahau.

Nasikia wameshaandika barua kuomba nafasi upya, na shemeji amepata vibarua vya kufungia hesabu za maduka mawili pale mjini. Kama itatosha sijui. Wala sijui kama dada ameshaacha kukasirika, na sioni kwa nini tumharakishe.

Ninyi nyumbani kwenu mnafanyaje? Nasubiri barua zenu, hasa za akina baba, maana kila nikigusa mada hii akina dada ndio wanaoandika. Nielezeni mara ya mwisho mliposema "tumeamua", na nani alikuwa chumbani wakati huo.

Kabla sijasahau, kuna walioniuliza ofisini kama mwisho wa mambo yote yale Afrika Kusini ilirudi lini. Ilirudi Barcelona, 1992. Kufikia hapo Walker alikuwa na miaka 40, Bayi 39, Nyambui 39 na Maree anakaribia 36. Mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kushinda dhahabu ya Olimpiki alikuja kupatikana Atlanta mwaka 1996, kwenye marathoni: Josia Thugwane, mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka ule Bayi anabaki nyumbani, Thugwane alikuwa mtoto wa miaka 5.